Mwosha Asiye na Muhuri

Jua lilisimama juu kidogo ya paa la msikiti, pale linapokuwa wakati wa alasiri, likakataa kushuka. Watu hawakushtuka. Mji ule una maagano yake ya zamani na jua: maiti akicheleweshwa, siku haiishi. Watu walilala wakaamka wakakuta ni alasiri ileile. Walikunywa chai mpaka wakaichoka. Mtoto aliyezaliwa jua liliposimama alikuwa sasa anatambaa uani, na magharibi bado haijaingia. Mji wenyewe hauna jina, na usiniulize, maana kila aliyejaribu kuupa jina alijikuta anautaja wa kwao.

Maiti aliyelisimamisha jua safari hii hakuwa mtu mdogo. Alikuwa Bi Somoe, mama mzazi wa Maalim Shekuwe, na Maalim Shekuwe ndiye mkuu wa Baraza la Mihuri. Bi Somoe alilazwa chumba cha ndani, amefunikwa shuka hadi kichwani, chetezo cha ubani miguuni pake, na wanawake wa nyumba wakipokezana kumpepea kana kwamba angeweza kusikia joto. Ufuo ulikuwa umekwisha kuchimbwa, lile handaki la kupokea maji ya kuoshea, na mitungi ilikuwa imejaa. Kilichokosekana ni mikono. Kwa maana Bi Somoe, kabla ulimi haujamwia mzito, aliacha wasia mmoja tu: "Anioshe Mize." Na Mize hakuwa na muhuri.

Katika mji ule humtumikii Mungu kwa mkono mtupu. Anayeadhini ana muhuri uliochapwa kiganjani, anayesalisha anao, anayechimba kaburi anao, hata anayekung'uta mikeka ya msikiti alipita mbele ya Baraza akaulizwa amefundishwa na nani, na huyo naye alifundishwa na nani, hadi majina yakafika kwa watu wasiokumbukwa na yeyote. Wenye utani walisema hata paka wa msikiti alikaguliwa wayo. Lakini tusicheke sana. Muhuri ulianzishwa na watu waliomcha Mungu kwa dhati, watu waliochoka na matapeli. Kitu kilichoanzishwa kwa hofu njema hakiharibiki siku moja. Huchacha kidogo kidogo, kama maziwa, na aliyemo ndani ya nyumba ndiye wa mwisho kusikia harufu.

Mize alianza kazi mwaka wa homa. Mwaka ule waosha wenye mihuri walijifungia majumbani, na hapana wa kuwalaumu, kwa sababu homa ilipita kwa kugusana. Mama yake alikufa asubuhi. Mize alibisha milango yote aliyoijua, na nyuma ya kila mlango sauti ilimwambia kwa upole kwamba haiwezekani. Akarudi, akajifunga kanga kifuani, akateka maji. Hakujua nia inavyotamkwa. Hakujua aanze kulia au kushoto. Alikumbuka tu kwamba katika udhu mkono wa kulia ndio hutangulia, akaanzia hapo. Akasema kwa lugha ya jikoni: "Mola wangu, sijui, lakini hakuna mwingine." Alipomaliza, jirani alikuwa amesimama mlangoni, naye kafiwa. Nyuma ya jirani palikuwa na mwingine.

Tangu hapo hajamwosha mtu bila kuitwa, na hajaitwa akakataa. Ila kulikuwa na jambo la ajabu. Kwa kuwa hakuwa na muhuri, jina lake halikukaa vichwani mwa watu. Walilikumbuka siku ya msiba. Arobaini ikishapita, wakikutana naye sokoni, walimtazama wakijiuliza wamewahi kumwona wapi, na wengine walimwita kwa jina la mtu waliyempoteza. Alizoea kuitika majina hayo. Ilifika mahali akiulizwa jina lake hufikiri kwanza.

Na lilikuwepo jingine, ambalo ndilo lililomponza. Ni desturi ya pale kwamba mwosha akitoka nyuma ya pazia, ndugu humsonga wakamwuliza: "Alikuwaje?" Wanataka kusikia kwamba uso uling'aa, kwamba viungo vilikuwa laini, kwamba marehemu alitabasamu maji yalipomgusa. Sheria inaruhusu. Baya husitiriwa, zuri husemwa, wafiwa wakapoa. Waosha wenye mihuri walisema mazuri, na wasipokuwa na zuri walitazama chini. Mize hakusema zuri wala hakutazama chini. Alisema neno moja, lilelile kwa tajiri na kwa maskini: "Ameoshwa." Kisha akaomba maji ya kunywa.

*

Baraza lilikutana katika ukumbi wenye viti vya mgongo mrefu, na Mize akasimamishwa katikati. Mzee Fumo, mkubwa wao kwa umri, ndiye aliyefungua.

"Nani alikufundisha kuosha?"

"Sikufundishwa, mzee wangu."

"Hakuna asiyefundishwa."

Mize akafikiri. "Basi ni mama yangu."

"Naye mama yako alikuwa na muhuri?"

"Hapana, mzee. Alikuwa amekufa."

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Mize hakukusudia utani, na aibu ilimpanda hadi masikioni. Alitaka kueleza kwamba mkono wa mama yake, ulipokuwa mzito namna ile, ndio uliomwonyesha jinsi ya kuuinua. Akaona kwamba maneno hayo yangewachekesha zaidi.

Bi Thuwaiba, mwosha mkuu mwenye muhuri, hakucheka. Alikuwa mwanamke mwema, msomi wa kweli, na mkweli kupita kiasi. "Bi Mize," akasema, "nia ya kuosha unaitamkaje?"

Mize akaitamka vile anavyoitamka siku zote: "Mola, huyu ni wako, mimi namnyoosha tu."

Bi Thuwaiba akainamisha macho. "Sivyo, dada yangu," akasema taratibu, na huruma yake iliuma kuliko kicheko cha wengine.

Ndipo Maalim Shekuwe akainua mkono. "Tuiache nia. Mwosha anayekubaliwa na Mola huonyeshwa alama. Sisi hatutaki mabaya, hayo ni haramu kuyasema. Tutajie mazuri tu uliyoyaona kwa wale uliowaosha. Hata ya mmoja. Tutajua kama macho yako yamefunguliwa."

Viti vikalia kwa watu kujisogeza mbele. Hakuna aliyekuwa amekaa pale ambaye Mize hakumwoshea mtu: mke, dada, binti. Wote walikuwa wamepewa neno moja lile, wakaenda nalo nyumbani, na halikuwashibisha.

"Sisemi, Maalim," alisema Mize.

"Sheria inakuruhusu."

"Nimesikia."

"Basi ama huijui sheria, ama hukuonyeshwa kitu."

Baraza likanong'onezana kwa muda ambao nje ya ukumbi mtoto yule wa kutambaa aliutumia kuota meno. Kisha Mzee Fumo akatoa hukumu: mwanamke huyu hastahili. Bi Somoe ataoshwa na Bi Thuwaiba, wasia au si wasia.

*

Alirudi nyumbani akakaa uani juu ya kigoda, jua limemkalia usoni. Hukumu aliitarajia. Kilichomtia baridi katika joto lile ni kwamba, njiani, alianza kuiamini.

Labda wana haki. Nani kanituma? Homa ilinituma, na homa si mtume. Nilianzia kulia. Kila mara? Mwaka ule nani alikumbuka kulia na kushoto. Na kama ile haikuwa nia. Na kama maji yaliwapitia tu, kama mvua inavyopita juu ya bati, wao chini wakabaki vilevile. Na Yeye akitazama kutoka huko aliko, akijiuliza, huyu bibi anafanya nini na watu wangu? Mama. Mama pia. Mola wangu, na mama pia.

Alipoinua macho, walikuwapo.

Walikuwa wakimjia tangu zamani, lakini kwa pembeni, pale jicho linapoishia, na akigeuka hawapo. Leo jua halikuwapa mahali pa kujificha. Walijaa uani kote, wamesimama ndani ya sanda zao, na sanda zimelowa. Maji yaliwachuruzika vidoleni, na ardhi chini yao ilikuwa kavu. Hawakumtisha wala hawakumwita. Mmoja alikuwa na uso wa Mize mwenyewe, na Mize hakuweza kusema kama ni mama yake au ni yeye aliyetangulia mbele ya siku yake. Mwosha huoshwa, ndivyo wasemavyo watu, na wakishasema hivyo huendelea na mambo yao.

Miaka yote alidhani wanakuja kumshukuru. Sasa alipowatazama vizuri, wazo jingine likamwingia, na hakuwa na nguvu ya kulizuia: hawajakauka kwa sababu hawakuoshwa.

"Hodi," sauti ikasema kwenye mlango wa nyuma.

Alikuwa Maalim Shekuwe, peke yake, bila kilemba. Mize hakuwahi kumwona bila kilemba, na kichwa chake kilionekana kidogo, cha mtu yeyote. Alipita katikati ya wale waliolowa asiwaone, akaketi juu ya kinu kilichopinduliwa.

"Sikuja kwa la mama," alisema. "Nimekuja kwa la Arafa."

Arafa alikuwa bintiye, mtoto wake pekee. Katika alasiri nyingine, kabla ya hii, aliopolewa kutoka kisimani. Mji uligawanyika pande mbili: wapo waliosema aliteleza, na wapo waliosema alijitupa. Waosha wenye mihuri walikaa wakijadiliana kama anayejitupa huoshwa au haoshwi, na mjadala ulikuwa mzuri, wenye hoja nzito pande zote. Arafa akiwa amelala pale, baba yake aliutumia mlango huuhuu wa nyuma kuja kumwita Mize. Arobaini ilipopita, akalisahau jina lake.

"Mwili husema," Maalim aliendelea. Sauti yake ilikuwa ya chini, ya mtu anayeogopa kujisikia. "Anayeteleza hushika ukuta. Kisima chetu kimepakwa chokaa. Bi Mize, nakuomba. Kucha zake zilikuwa na chokaa?"

Mize alijua. Aliziosha kucha zile moja moja. Angeweza kumjibu kwa neno fupi kuliko jina lake, na alimhurumia, kwa kuwa alimwona mzee huyu alivyokuwa hasa: mtu anayesalisha watu wengi mchana, kisha usiku, siku ambazo usiku upo, anahesabu vidole vya mtoto wake gizani. Akafungua kinywa. Kilichotoka kilikuwa kingine.

"Maalim, wewe umesoma. Nami nina swali. Wale niliowaosha, wameoshwa?"

Maalim akamtazama. "Hilo ndilo linalokusumbua?"

"Sina jingine."

"Ninazo hoja za kusema ndiyo," alisema Maalim, akichagua maneno, "na ninazo za kusema hapana, na zote ni sahihi. Mimi nikisema ndiyo, imekuwa ndiyo. Hapana mtu atakayekuuliza tena, wala wewe hutajiuliza." Akanyoosha kiganja chenye muhuri. "Niambie langu, nikwambie lako. Leo hii. Muhuri nitakuchapa mwenyewe."

Tazama basi jinsi shetani alivyo na adabu. Hakumjia Mize na pembe. Alimjia na baba mwenye kilio, akamwahidi usingizi. Mize aliitaka ile ndiyo kuliko alivyowahi kutaka kitu. Aliitaka kwa ajili ya mama yake. Akageuza macho, na katikati ya wote akamwona Arafa, binti mwembamba, amelowa, mikono miwili ameikunja ngumi, vidole amevificha ndani. Hakumwomba chochote. Alingoja tu, na wote nyuma yake walingoja hivyohivyo, wakiutazama mdomo wa Mize.

"Siwezi," alisema. "Nikikwambia la wa kwako, wote hawa watabaki uchi."

"Hawa nani?" Maalim aliangalia uani. Aliona mtungi, kamba ya nguo, na jua.

"Niliowaosha."

"Basi ilikuwa mbaya."

"Sijasema mbaya."

"Ungekuwa na zuri ungelisema! Nani asiyesema zuri? Sheria imeruhusu."

"Ndiyo maana sisemi zuri la yeyote, Maalim." Mize alikuwa analia sasa, na hakujali. "Nikilisema la mmoja, kwa wa pili nikinyamaza nimemwaibisha. Watu husikia. Wenzangu wakitazama chini, mji mzima unajua. Mimi nanyamaza kwa wote, ili kunyamaza kwangu kusiwe na maana."

Maalim akasimama. Hasira ilimrudishia urefu wake. "Kumbe walikuwa na haki waliokukataa. Huna elimu na huna moyo. Thuwaiba atamwosha mama yangu." Akaenda hadi mlangoni. Akashika mwimo wa mlango. Hakutoka.

Alisimama pale, mgongo umemgeukia Mize.

"Thuwaiba ni mkweli," akasema mwishowe.

"Ni mkweli sana."

"Akiulizwa, atasema alilonalo. Na asipokuwa na la kusema..."

"Atatazama chini," Mize alimalizia.

"Na watu watasikia."

"Ndiyo, Maalim."

Akageuka. Uso wake ulikuwa umevunjika. "Nilikuwa namfunga," alisema. "Mama. Tangu Arafa. Akili ilimpotea, akawa anatoka kwenda kisimani kumwita mjukuu wake. Nami nina vikao, nina darasa, nina watu wanaoningoja. Nilimfunga kamba mikononi, Bi Mize, nikaifunga kitandani. Mwanzo kwa muda mfupi. Halafu... Alikuwa akinibembeleza kwa jina la baba yangu, akidhani mimi ndiye. Nami nikakaza." Akajishika viganja vyake kana kwamba ni yeye aliyefungwa. "Alama zipo. Utaziona."

Mize hakumwambia pole, wala hakumwambia Mungu ni mwingi wa rehema, ingawa alijua ndivyo watu wasemavyo. Alimwonea uchungu, akamwonea uchungu zaidi Bi Somoe, na uchungu huo wa pili ulikuwa na ghadhabu ndani yake. Akainuka. Akachukua vitambaa vyake vya kuvaa mkononi, majani ya mkunazi na kafuri.

"Utasema?" Maalim aliuliza.

"Nipishe, Maalim. Mama anangoja."

*

Hapa mimi na wewe tunabaki nje. Nimefuatana na Mize hadi ndani ya kifua chake, nimekusimulia mpaka aliyoyaona haya kuyawaza, lakini kwenye pazia hili siingii. Kuna msimulizi asiyekubali kuwekewa pazia. Huyo asikuoshe.

Yaliyosikika nje ni haya. Maji yakimiminwa, yakinyamaza, yakimiminwa tena. Mara moja, sauti ya Mize: "Samahani, mama, nakugeuza." Halafu maneno yale yasiyo na elimu, kwamba huyu ni wako, mimi namnyoosha tu. Bi Thuwaiba alikuwa amekaa kizingitini. Hakuna aliyemwambia akae pale. Alipoona wanawake wa nyumba wanajisogeza kuchungulia, alizishika pindo mbili za pazia kwa ule mkono wake wenye muhuri akazibana pamoja, na hakuziachia hadi mwisho. Mkono ulimfa ganzi. Alipoulizwa baadaye kwa nini alimlinda mtu ambaye Baraza limemkataa, alisema nia ya Mize haikuwa sahihi, na kwamba alipoisikia kupitia kitambaa alitamani aoshwe nayo.

Mize alitoka mikono inamchuruzika. Wakamsonga.

"Alikuwaje, Bi Mize? Uso ulikuwaje?"

"Ameoshwa."

"Hata kidogo? Hakutabasamu?"

"Ameoshwa. Nipeni maji ninywe."

Wanaume wakaleta jeneza uani. Bi Somoe alipolazwa ndani yake, amekafiniwa vizuri, kila fundo mahali pake, Mzee Fumo akatia fimbo yake mbele ya wachukuzi. Tusimwonee. Mzee huyu hakuwa na chuki. Aliogopa tu kumsalia mtu ambaye sala yake haitapanda.

"Maalim," alisema, "huyu kaoshwa na asiye na muhuri. Nataka nisikie kwako wewe, kabla hatujapanga safu. Ameoshwa, au hajaoshwa?"

Maalim Shekuwe alikuwa amesimama kichwani pa jeneza. Akisema hajaoshwa, sanda itafunguliwa mbele ya macho mengine. Akisema ameoshwa, viganja vyote vilivyokuwa katika uwanja ule vimekuwa viganja vyenye wino tu. Akakitazama cha kwake. Kisha akaangalia jeneza, akajishika tena viganja kama aliyefungwa, na Mize, aliyekuwa upande wa wanawake, akaona kinachokuja. Kilikuwa ni ile siri ya kamba. Maalim alikuwa anataka kuitua pale pale, mbele ya wote, apumzike.

Mize akatikisa kichwa. Kidogo tu, mara moja. Siri ya mikono ile iliyofungwa haikuwa ya Maalim peke yake. Ilikuwa ya Bi Somoe pia, naye hakuombwa ruhusa.

Maalim akaiona ishara ile, akaviachia viganja vyake.

"Ameoshwa," alisema.

"Kwa hoja gani?"

Mtu yule ambaye hakuwahi kukosa hoja maishani mwake alisimama bila hata moja. "Ameoshwa, Mzee Fumo. Pangeni safu."

Fimbo ikaondoka. Sala ikasaliwa, jeneza likapanda mabegani, na lilipovuka lango kivuli chake kilirefuka ghafla ukutani. Watu wakainua vichwa. Jua lilikuwa linashuka, haraka, kwa aibu ya mgeni aliyekaa kupita kiasi. Kina mama waliwakimbilia watoto wao, wakiogopa sijui nini.

Mize alibaki ukingoni mwa ufuo. Neno alilolitamani miaka yote alikuwa amelipata, tena mbele ya mji mzima, tena kutoka kwa mdomo uleule. Halikumshibisha. Hakujua kama Maalim alilisema kwa imani au kwa kuhofia vifundo vile vya mikono, na alijua hatajua kamwe, kama Maalim naye asivyojua la kucha. Akainua uso kwa Yule aliyekuwa akiulizwa hasa. Mola, wale niliowaosha, wameoshwa? Umenikubali, au umenivumilia tu?

Huko juu palikuwa kimya. Ndivyo palivyokuwa tangu mwaka wa homa: hakuna ndoto, hakuna alama, hakuna sauti. Wengine husema wamejibiwa; yeye hajajibiwa hata siku moja, na maisha yake yote alikisikia kimya hicho kuwa kimya cha Baraza kabla ya hukumu. Alisimama akakisikiliza tena, vidole vikiwa bado vibichi. Hakikuwa kipya. Ila safari hii alikitambua, kwa sababu alikuwa ametoka kukitumia mwenyewe, muda mfupi uliopita, kwa baba aliyekuwa akimwomba jibu.

"Kumbe unanisitiri," alisema, akainama, akaanza kuufukia ufuo.